Kisima Kando ya Bahari

Kwa Mutanu,
Mavoko.
Jumatatu jioni.

Kwako dada yangu Kalunde, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yetu,

Pokea salamu zangu. Watu huandika kwamba salamu zao ni nyingi kama mchanga wa bahari. Mimi mchanga huo sasa nimeuona, nimeukanyaga, nimeutoa hata masikioni, na nakuambia wanaoandika hivyo hawajui wanachosema. Zangu ni za kujaa kiondo kimoja tu, kile kikubwa cha kwendea sokoni, lakini zote ni za kweli. Mguu wako unaendeleaje? Yule ng'ombe wa kuruka ua ameshazaa? Mkaza mwana wako Nzisa na mtoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa Mulwa amebabuka pua kwa jua la Mombasa, na sasa ana pua ya rangi mbili.

Najua Jumamosi ulisimama steji ya Kithyoko tangu asubuhi ukiangalia kila gari linaloshusha watu. Najua umetandika kitanda katika chumba cha nyuma na umelitoa blanketi zuri la marehemu shemeji. Na mimi sikutokea. Nilikutumia tu ule ujumbe mfupi kwamba nimechelewa na barua inakuja. Usinikasirikie. Simu yako huwezi kuongea nayo bila kufungulia sauti ya nje, na ujumbe wowote mrefu unampa Nzisa akusomee kwa sababu herufi ni ndogo. Haya ninayokuandikia si ya mkaza mwana. Ndiyo maana naandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, ukae nayo peke yako nyuma ya ghala. Ndeti, jirani ya Mutanu anayekuja soko la Kithyoko kuchukua maembe, ndiye atakuletea.

Tulivyokubaliana tulijua mimi na wewe tu, au ndivyo nilivyodhani. Niende hiyo Mombasa, kwa sababu wanangu, Mutanu na kaka yake Mumo, walikuwa wameshalipia kila kitu na ningewavunja moyo. Tukirudi, tukifika Machakos mjini, Mulwa apande gari la Masii na mimi nipande la Matuu, nije kwako, nisirudi tena. Nilikuwa nimechoka. Wewe unajua, lakini wacha niseme tena, ili ujue nilikuwa nimesimama wapi. Huyu mume wangu alianza kazi Athi River Mutanu akiwa bado yuko mgongoni. Akawa ni wa kuja mwisho wa mwezi na mkate na sukari, analala, anaenda kanisani, anarudi. Matuta ya shamba nimechimba mimi. Mbuzi nimeuza mimi. Mama yake amefia mikononi mwangu. Halafu mwaka huu anastaafu, anashuka na sanduku lake, na wiki hiyohiyo anaanza kuhesabu mayai. Akawahamisha kuku wangu wakakataa kutaga. Akafyeka mboga yangu ya terere yote akidhani ni magugu. Akaingia ghalani akaandika kila gunia kwa chaki, MAHINDI, KUNDE, POJO, kama stoo ya kiwanda, eti mimi nitasahau kunde ni gani. Na nikilalamika ananijibu kwamba tutaangalia utaratibu. Kalunde, ukiambiwa hivyo ndani ya jikoni yako mwenyewe, utafanya nini?

Kwa hiyo begi langu la Mombasa halikuwa la Mombasa. Nilipakia sufuria yangu kubwa, mwiko wa mama, viatu vya shamba, mbegu za kunde, blanketi, Biblia na cheti changu cha ubatizo. Juu yake nikatandika nguo mbili nzuri ili mtu akifungua aone ninaenda kustarehe. Mulwa akalitwaa pale mlangoni, bega likazama, akatikisa kichwa kidogo, akatoka nalo.

Taabu ikaanzia stesheni ya treni ya Athi River. Pale mizigo hupita ndani ya mashine, na kuna msichana wa askari anaiangalia tumboni kwenye kioo. Begi langu likaingia likakataa kutoka. Msichana akaangalia, akaita mwenzake, mwenzake akaangalia. Wakaniambia nifungue. Mbele ya watu wote waliovaa miwani nyeusi na kofia za nyasi, ikatoka sufuria, ukatoka mwiko, ikatoka mifuko ya kunde. Yule msichana akaniuliza kwa heshima kama ninaenda kufungua hoteli. Nikaanza kusema habari za zawadi za jamaa. Mulwa ndiye aliyejibu. Alimwambia mke wake hupenda kujitayarisha. Akarudisha vitu ndani kimoja kimoja, sufuria ikakaa vizuri kuliko nilivyoiweka mimi, akafunga zipu, akalibeba.

Treni yenyewe sitaimaliza kuisifu. Inateleza mpaka unasahau unaenda. Tsavo tuliona ndovu wekundu kabisa, na Mulwa akatangaza idadi yao kwa behewa zima, watu wakapiga makofi. Mimi niliangalia dirisha lingine. Nilikuwa bado nimeshika hasira yangu na sikutaka iniponyoke kwa sababu ya ndovu.

Mombasa, dada yangu! Unashuka, na joto linakushika usoni kama umefunua sufuria ya muthokoi. Hoteli tuliyopelekwa iko ufuoni penyewe, na wabeba mizigo wake wamevaa vizuri kuliko mchungaji wetu. Mulwa alimwamkia wa kwanza kwa kumvulia kofia. Tukapewa glasi za maji ya matunda zenye ua limechomekwa pembeni. Mulwa akala lile ua. Kisha binti wa mapokezi, anaongea Kiswahili kile chao cha polepole kama anakubembeleza ulale, akatushika mikono na kutupongeza kwa ndoa yetu. Kumbe Mutanu, mtoto huyu, alikuwa ameandika kwamba sisi ni bibi na bwana arusi tuko fungate, ili tupewe chumba cha kuangalia bahari. Binti akauliza kama tuna furaha. Mulwa akamwambia asante, tunajaribu.

Katika chumba, kitanda ni kimoja, kikubwa cha kulaza familia ya Mumo yote. Na katikati ya kitanda kuna ndege wawili weupe wamegusanisha midomo, shingo zimepinda, na maua mekundu yamemwagwa pande zote. Nilipowashika nikajua ni taulo. Taulo, Kalunde, zimekunjwa mpaka zina shingo! Tukasimama tukiwaangalia. Hakuna aliyethubutu kuwakunjua, tukidhani ni vya hoteli, tutaulizwa. Basi tukalala, yeye ukingo ule, mimi ukingo huu, na ndege katikati. Kusema kweli nilifurahi wako hapo. Kwa mambo yalivyokuwa kati yetu, hao ndege walikuwa wanafanya kazi. Tulijifuta maji kwa leso yangu siku mbili nzima, mpaka mama wa usafi akatuhurumia, akawakunjua mwenyewe.

Sasa nikuambie maajabu. Kando ya bahari wamechimba bwawa la kuogelea. Bahari hii hapa, haina mwisho, na watu wako ndani ya bwawa wameipa mgongo. Mulwa aliuliza kama bahari imeharibika. Halafu kuna wale wa kulala juani. Wanajipaka mafuta, wanageuka upande huu, wanageuka upande ule, na hakuna anayewalazimisha. Mimi ambaye nimelikimbia jua maisha yangu yote pale Masii nilitaka kumwendea mama mmoja nimwambie kuna kivuli hapa karibu. Ufuoni kuna ngamia wa kupanda. Mulwa akapanda. Ngamia aliposimama kwa miguu ya nyuma kwanza, nilimsikia mume wangu, mzee wa kanisa mzima, akimwita marehemu mama yake.

Na Wamaasai wako huko pia, wamevaa shuka nyekundu na shanga, wanauza bangili. Mmoja akatufuata akitusalimu kwa Kijerumani na Kiitaliano. Mulwa akaniambia kwa Kikamba, polepole, kwamba hii miguu si ya Mmaasai. Yule Mmaasai akajibu kwa Kikamba safi, bila kuacha kutabasamu, kwamba tafadhali mzee asimharibie kazi, yeye ni Muli wa Mbiuni, na mvua huko nyumbani imenyesha? Tulicheka mpaka tukashikana. Halafu nikakumbuka sicheki naye, nikamwachilia.

Umeona jinsi ilivyokuwa. Nilikuwa na furaha na nilikuwa nimekasirika, vyote kwa wakati mmoja, na ninakwambia vinachosha.

Hasira ikaja kushinda asubuhi ya tatu, mezani. Chakula cha asubuhi huko si cha kupakuliwa, ni cha kutembelea. Kuna meza ya mikate, meza ya matunda, meza ya nyama, na mwisho kabisa kijana mwenye kofia ndefu nyeupe anakukaangia mayai ukisimama mbele yake. Aliniuliza mimi, mama, nikukaangie mangapi? Kabla sijafungua mdomo, Mulwa nyuma yangu akajibu kwamba mke wake atakula moja.

Moja. Mayai ya watu, Mombasa, na bado ananihesabia. Niliweka sahani chini, nikatoka, nikashuka ngazi mpaka ufuoni, nikakaa mchangani na nguo yangu ya kitenge. Nilikuwa nasema moyoni, Jumamosi, Syokau, ni Jumamosi tu, utakuwa kwa Kalunde, na mayai utakula mpaka uchoke.

Mulwa alikuja. Hakunikaribia sana. Alivua viatu vyake, vile vyeusi vya ngozi alivyopewa siku ya kuagwa kazini, akavipanga vizuri kando, akakunja suruali. Maji yalikuwa yamerudi mbali, mchanga umebaki wazi, unyevunyevu, umelala tambarare. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaokota kifuu cha nazi, akapiga magoti, akaanza kuchimba.

Nilijua mara moja anafanya nini, na nikaona aibu mpaka nywele. Alikuwa anachimba kisima. Unavyojua, kwetu mto ukikauka, maji hayajaenda popote, yako chini ya mchanga, na mtu yeyote aliyezaliwa Ukambani akiona mchanga mwingi hivyo mkono wake humwasha. Yeye utotoni aliwachimbia ng'ombe wa baba yake. Lakini hapo kando ni Bahari ya Hindi nzima, na watu wa hoteli wanaangalia!

Nikasema sitamtazama. Nikamtazama. Na alikuwa anachimba vibaya, Kalunde. Ametoboa shimo jembamba linashuka wima, na kila akitoa kifuu kimoja, ukuta unamwagika vifuu viwili. Anatoa, unamwagika. Anatoa, unamwagika. Miaka yote hiyo ya kiwandani imemsahaulisha. Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nikainuka, nikamwendea, nikamwambia apanue mdomo kwanza, nani alimfundisha kuchimba mrija?

Hakubisha. Hakuniambia tutaangalia utaratibu. Akasogea, akapanua. Nikajifunga leso kiunoni nikaingia upande wa pili. Yeye akilegeza mchanga, mimi nautoa na kuutupa mbali usirudi, vile mimi na wewe tulivyokuwa tukifanya kiangazi, mmoja anashuka, mwingine anapokea. Mikono ilikuwa inajua. Akichoka nashuka mimi, nikichoka anashuka yeye, na hakuna aliyemwambia mwenzake sasa ni zamu yako. Tangu astaafu hatukuwa tumefanya kazi moja pamoja hata kidogo. Nilishangaa tunavyoelewana tukinyamaza.

Watu wakaanza kujaa. Watoto wa Kizungu wakaleta ndoo zao za plastiki na visepetu wakachimba nasi. Mama wa kupaka mafuta aliamka juani kwa hiari yake akaja kupiga picha, kwa simu yake na kwa yangu. Muli wa Mbiuni alipotuona aliutupa Umaasai wote, akatupa bangili zake chini, akaruka ndani akipiga kelele kwa Kikamba kwamba kingo, kingo, zuieni kingo! Mwishowe akaja askari wa hoteli, mtu mzima wa pwani, mpole. Aliuliza tumepoteza nini, ni pete au ni simu. Mulwa, mchanga mpaka kwenye kope, akamjibu kwa adabu kwamba hatujapoteza kitu, tunatafuta maji.

Askari akaitazama bahari. Kisha akatutazama sisi. Kisha akaitazama bahari tena.

Na maji yakaja. Yalianza kutokota pembeni, meusi ya mchanga. Tukayatoa, tukayamwaga, tukangoja yatulie, kama inavyotakiwa. Ya pili yalikuwa meupe. Mulwa akateka kwa kifuu, na badala ya kunywa akanipa mimi kwanza, kwa mikono miwili. Nikaonja. Si matamu, lakini si ya bahari. Ni sawasawa kabisa na yale maji ya kisima cha soko la Kithyoko unayowalazimisha wageni wako wanywe ukisema ni mazuri kwa mifupa. Nikatangaza yananyweka. Ee Kalunde, vilio vya shangwe vilivyopigwa pale! Mzungu mmoja mzee alikunywa akatikisa kichwa kama amepata dawa. Askari naye akaonja. Mulwa alianza kucheka, na mimi nikaanza, tukacheka mpaka tukaketi ndani ya matope yetu, na safari hii sikukumbuka kwamba sicheki naye.

Tukiwa bado tunacheka bahari ikarudi. Inarudi bila kupiga hodi. Ikajaza kisima chetu, ikaondoka na kiatu kimoja cha Mulwa, cha kulia. Muli alikikimbilia mbali ndani ya maji, hakukipata. Mulwa aliangalia kiatu chake cha kuagwa kazini kikielea kwenda zake, akasema basi, kimestaafu.

Watu walipotawanyika tulibaki tumekaa pale kwenye mchanga mkavu. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nikuandikie. Alikuwa hanitazami, anatazama maji.

"Mama Mutanu," akasema, "hilo begi lako si la Mombasa."

Akaendelea polepole. Alilijua tangu alipoliinua mlangoni. Na kabla ya hapo alikuwa amesikia. Maana wewe, dada yangu, sauti yako kwenye simu hufika mpaka zizini, na siku ile uliponiambia kitanda umeshakitandika, yeye alikuwa nyuma ya dirisha akiwatafutia kuku mahali pengine. Nikamuuliza kwa nini hakusema, kwa nini amelibeba njia yote hiyo, stesheni, hotelini, mpaka juu chumbani.

"Nimelibeba nikisema, labda njiani litapungua uzito."

Halafu akaniambia mambo ambayo sikuwahi kumsikia akisema. Kwamba kiwandani, ukimwamsha usingizini, angekwambia kila kitu kiko rafu gani. Alipofika nyumbani akakuta kila kitu kina mwenyewe na yeye si mmoja wao. Hajui chumvi hukaa wapi. Hajui ng'ombe gani hupiga teke. Mbwa wake mwenyewe anambwekea kila jioni akitoka chooni. Akaona mayai angalau yanahesabika, akaanza kuyahesabu, ili awe na kitu cha kuniambia jioni.

Sasa nikuungamie nami, kwa sababu wewe ulisikia upande wangu tu. Mbwa alipokuwa akimbwekea, mimi nilikuwa jikoni nacheka. Neno moja tu langu lingemnyamazisha Bosko, na sikulisema. Na kila aliponiuliza chumvi iko wapi nilimjibu iko palepale. Palepale wapi, Kalunde? Mtu ambaye hajakaa nyumbani maisha yake yote ana palepale gani? Nilikuwa najua, na nilifurahi akiitafuta. Nilitaka ajue nyumba ile niliisimamisha bila yeye. Hilo ni kweli na sitalirudisha. Lakini kumfanya mgeni kila siku ili alijue, hilo lilikuwa baya, na nilipolisikia kwa mdomo wake, nikiwa na mchanga wake mikononi, liliniuma sana.

Hata hivyo sikumwambia yamekwisha. Unanijua. Nilimwambia tutaangalia utaratibu. Akacheka akafuta macho, na sijui kama ni mchanga.

Siku zilizobaki tulizitumia zote. Tulienda mjini tukapita chini ya zile pembe kubwa za ndovu za barabarani, Mulwa akiwa na kiatu kimoja na kandambili moja, akikataa katakata kununua vingine mpaka arudi nyumbani. Tulikunywa madafu. Niliingia baharini na nguo zangu zote mpaka shingoni, yeye akinishika mkono, na wimbi likatupiga tukaanguka pamoja kama magunia. Maji yako ya bahari ya kukandia mguu sikuyasahau. Yako kwenye chupa ya soda, na Mulwa ameyaandika kwa kalamu nene: MAJI YA BAHARI, SI YA KUNYWA, YA MGUU WA DADA. Nilipoona maandishi hayo nilicheka peke yangu. Mtu hawezi kubadilika kila mahali kwa siku moja, na mengine sasa naona nitayakosa yakiisha.

Jumamosi treni ikatushusha Athi River. Watu wakaenda zao, tukabaki nje sisi na mizigo. Mulwa akaliweka begi chini katikati yetu. Akaniambia niseme mimi, na yeye atalibeba mpaka Machakos, mpaka ndani ya gari nitakalotaja, likiwa la Masii au likiwa la Matuu, na kwa Kalunde hatakuja kunisumbua.

Nilikufikiria wewe pale steji. Nilifikiria kitanda chako. Naapa, dada, niliwaza nitaje Matuu, kwa sababu nilikuwa nimeshaahidi, na kwa sababu kuondoka nilishakuzoea moyoni. Kisha nikamwona amesimama vile, na kandambili yake moja, anangoja kuambiwa. Nikashika mkono mmoja wa begi. Nikamwambia ashike ule mwingine, ni zito, nani atalibeba peke yake mpaka Masii. Akashika.

Usidhani nimekuwa laini. Masharti nimeyasema palepale barabarani, na wapita njia walisikia. Mayai ni yangu, atayahesabu nikimwomba. Kuku warudi walipokuwa. Chaki ifutwe, isipokuwa POJO, hiyo nimeizoea. Kila jioni atampa Bosko ugali kwa mkono wake mwenyewe mpaka mbwa ajue wenye nyumba ni wawili. Na mimi nitamwonyesha chumvi, nitamwonyesha ng'ombe wa teke, na akiuliza sitamjibu palepale. Alikubali yote, akaomba moja tu, kwamba matuta ya chini yaliyobomoka aachiwe yeye.

Sasa tuko hapa kwa Mutanu, ambaye amezungusha picha zetu za kisimani kwa ofisi nzima na haoni haya. Sufuria na kunde zinarudi Masii. Lakini kwako tunakuja kwanza, Alhamisi, tukitumia gari la Matuu lilelile. Mulwa amesikia kile kisima chako cha mtoni kimejaa mchanga tangu shemeji atutoke, na hajalala kwa kukifikiria. Anasema sasa anajua kupanua mdomo. Basi usikitandue kitanda cha chumba cha nyuma, na usimwambie mtu kwamba kilikuwa cha kazi nyingine.

Nisalimie Nzisa, umbusu mtoto, na ng'ombe wako umwambie akae ndani ya ua mpaka tufike. Ukiisoma barua hii na ukinilaumu, nilaumu nikiwa mbele yako, nikiwa nimeshika kikombe cha yale maji yako ya mifupa. Mungu wa mama yetu akutunze.

Ni mimi dada yako,
Syokau wa Mulwa.

N.B. Kwenye kitanda ongeza mto wa pili, na uwe mgumu. Mulwa hawezi kulala kwenye mto laini. Nimeolewa naye miaka yote hii, na hilo nimelijua juzi, Mombasa.